Tulidhani amepumzika

Vidole vyake ndivyo vilivyoniteka macho.

Mjomba alikuwa amelala chali, macho nusu yamefumba, shuka limemfika kifuani. Mkono wa kushoto umeshika ukingo wa shuka, kidole gumba juu, cha shahada chini, kama mtu anayebana pindo lisimponyoke. Wa kulia unachoma, unavuta, unapanda, unarudi. Kila baada ya muda analeta vidole viwili mdomoni, analowesha kitu ambacho hakipo, anakiinua kwenye mwanga wa dirisha, anakikazia jicho, kisha anaendelea.

Huyu ni mtu aliyeshona nguo za watu kwa miaka 46. Alikuwa anapinda shuka la hospitali kwa sindano na uzi aliokuwa akiuona peke yake.

Nilicheka. Nikatoa simu, nikaandika kwenye kundi la familia: "Mzee katulia leo. Anashona hata usingizini." Majibu yakamiminika: vikono vya shukrani, mioyo, "Mungu mkubwa".

Ujumbe ule bado ninao. Wiki ya sita sasa naufungua, nausoma, naufunga.

Katulia.

## Usiku wa maji

Usiku wa pili baada ya kupasuliwa nyonga, mjomba alitikisa wodi nzima. Alichomoa dripu, akavuta mpira wa mkojo, akataka kushuka kitandani kwa mguu uliotiwa vyuma jana yake. Aliona maji yanaingia chini ya mlango. Aliniita kwa jina la kaka yake ambaye ni marehemu, akaniamuru ninyanyue vitambaa vya wateja kabla havijalowa. Nilipomwambia hakuna maji, alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake, jicho la mtu aliyemfuma mwizi.

Wakaja wote. Wauguzi wawili, daktari wa zamu, mlinzi. Akachomwa sindano, akalala. Dada alikuwa analia kwenye korido. Mgonjwa wa kitanda cha pili akatufariji kwa sauti ya chini: "Ni uzee tu huo, msitishike."

Asubuhi yake ndiyo ile ya vidole. Siku iliyofuata, hivyohivyo. Hakupiga kelele, hakuomba kitu, hakukataa kitu. Ukimlisha anameza, ukiacha naye anaacha. Sisi tuliokesha kwa hofu tuliona tumehurumiwa. Hata kwenye faili, nilipochungulia baadaye, usiku wa kelele ulikuwa umeandikwa mistari mingi. Zile siku mbili za ukimya zilipata sentensi moja moja: mgonjwa hana malalamiko.

Sina haki ya kuilaumu sentensi hiyo. Yangu ilikuwa na furaha ndani yake.

## Marahaba

Nimejiuliza sana ilikuwaje nisione. Nilikuwa pale pale. Nilikuwa naongea naye, naye ananijibu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Maumivu je?"

"Nafuu."

"Umekunywa uji?"

"Nimekunywa."

Hakuwa amekunywa. Kikombe kilikuwa kimejaa, juu kimefanya utando.

Salamu zetu zina njia yake iliyokwisha kukanyagwa. Mtu aliyezijibu tangu utotoni anaweza kuzijibu moja baada ya nyingine huku akili haipo, kama fundi anavyokanyaga cherehani bila kuangalia mguu. Kila swali nililomuuliza lilikuwa na jibu linalosubiri mlangoni. Sikumuuliza hata moja lililomtaka alitafute.

Na kuna kitu nilikiona nikakipita. Mimi na yeye tunaitana mjomba, mimi kwake na yeye kwangu, tangu nikiwa mdogo. "Marahaba, mjomba," ndivyo anavyoitikia, akiliburuza lile neno la pili kama anaimba. Siku zile mbili nilipata marahaba kavu. Neno la pili halikuja. Nikaliona pengo, nikasema moyoni: amechoka.

## Desemba, Novemba

Usiku wa nne aliingia muuguzi nisiyemfahamu, kijana, mwenye haraka ya mtu aliyeachiwa vitanda vingi. Alimsalimia mjomba, akapata marahaba yake, na badala ya kuhamia kitanda kinachofuata akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye unayemjua. Huyu ndiye mzee wako wa siku zote?"

Nikaanza kumtetea. Ametoka upasuaji, ana miaka 78, hajalala vizuri, dawa za maumivu nazo...

"Sijauliza sababu," akasema, bila ukali. "Nimeuliza kama ndiye."

Nikafikiri. Shati nililovaa lilikuwa na kifungo kinachoning'inia. Mjomba wa siku zote asingeniacha nikae mbele yake na kifungo kile. Angekitaja kabla sijaketi, angeagiza sindano, angenisema mpaka kishonwe.

"Siye," nikasema. Kulitamka tu kulinitia ubaridi.

Akamwinamia. Akamuuliza umri wake, tarehe aliyozaliwa, hapa ni wapi, mwaka huu ni upi. Umri akapatia. Hapa, akasema, ni kibandani kwake. Kisha: "Mzee, nitajie miezi kwa kurudi nyuma. Anza na Desemba."

"Desemba," mjomba akasema. "Novemba."

Kimya. Vidole vikashika shuka.

"Novemba... Novemba, mbili na nusu. Tia chaki hapo."

Muuguzi alisubiri kuliko nilivyoweza kuvumilia mimi. Halafu akaandika, akaenda kumwita daktari. Alipokuwa anatoka aliniachia neno nililokuwa silijui: deliriamu, akili kuvurugika ghafla mwili unapougua.

Kipimo kile nimekuja kujua kinaitwa 4AT. Hakitaki mashine wala damu, na hakifiki hata dakika chache za kusubiria maji yachemke. Kinaangalia kama mgonjwa yuko macho sawasawa, kinamuuliza yale maswali manne, kinamtaka miezi ya kurudi nyuma, na mwisho kinauliza kama hali yake imebadilika ghafla au inapanda na kushuka. Alama zikifika 4, achunguzwe. Kwa wagonjwa mahututi walio kwenye mashine ya kupumulia, ambao hawawezi kusema, kuna kingine: wanasomewa herufi moja moja, wanaambiwa waminye mkono wa muuguzi kila wanaposikia A. Kinachotafutwa ni kilekile. Je, akili yake inaweza kushika uzi mmoja kwa sekunde kadhaa bila kumponyoka?

## Nje ya chaki

Asili ya neno ni Kilatini, de lira: kutoka nje ya mstari wa plau. Fundi angesema mshono umetoka nje ya chaki. Kiswahili tunalo letu, kuweweseka, na ni neno zuri, lakini sisi tumezoea kulitumia kwa mtu anayepayuka kwa homa. Halimfikii yule aliyenyamaza. Pengine ndiyo maana nilichokiona kilikosa pa kukaa kichwani mwangu.

Nilichokuwa nakiogopa mimi ni kingine, ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Huo huingia polepole, kwa miezi na miaka, na mgonjwa wa leo hufanana na wa jana. Deliriamu huingia kwa saa au siku chache, na haitulii mahali pamoja: asubuhi anakujibu vizuri, alasiri haelewi neno, usiku anaona mauzauza. Kinachoharibika kwanza ni uangalifu, ule uwezo wa kushika uzi mmoja, siyo kumbukumbu. Daktari akipita asubuhi anaweza kumkuta mtu mzima kabisa, na ndugu anayesimulia ya usiku akaonekana anatia chumvi. Wote wawili wanasema kweli. Balaa zaidi, mwenye ugonjwa wa kusahau ndiye aliye rahisi kupatwa na deliriamu, kwa hiyo moja hujificha nyuma ya nyingine, na kila kitu kikaitwa uzee.

Mwaka 1990 daktari Sharon Inouye wa Marekani na wenzake walichapisha kipimo kiitwacho CAM, na mpaka leo vingi vinafuata nyayo zake. Lazima yawepo mambo mawili: mabadiliko ya ghafla yanayopanda na kushuka, na uangalifu uliopotea. Kisha liongezeke moja kati ya haya: mawazo yasiyoshikana, au kuwa macho kusiko kwa kawaida, mtu awe amechangamka kupita kiasi au amezubaa.

Kuzubaa kumo.

Nilipofika hapo nikisoma, niliweka simu chini, nikatoka nje kidogo.

Kuna wa kelele, kuna wa kimya, na kuna wanaokwenda huku na huku kama mjomba. Wa kimya ndio wanaopitwa zaidi. Hudhaniwa wamechoka, au wamekata tamaa, au, kama kwetu, wameanza kupona. Na mara nyingi ndio wanaoishia vibaya zaidi.

## Kilichokuwa chini ya shuka

Daktari alipofika hakuanza na kichwa. Alianza na tumbo.

Kibofu kilikuwa kimejaa mpaka karibu na kitovu. Ule mpira alioung'oa usiku wa maji haukurudishwa, nasi tuliambiwa tuangalie kama anakojoa. Tukaona shuka limelowa kidogo, tukasema anakojoa. Kumbe ni matone ya kufurika. Mtu mwenye akili zake angelia kwa maumivu. Yeye alikuwa anashona.

Tangu siku ya upasuaji hakuwa amepata choo. Oksijeni ilikuwa chini. Picha ya kifua ikaonyesha nimonia.

"Mbona hana homa?" nikauliza, na nilikuwa na uhakika nimemkamata daktari.

Kwa wazee hutokea hivyo, akasema. Homa isije, kikohozi kisije, ikaja akili kuyumba tu. Mara nyingine ndiyo dalili pekee utakayopewa.

Na mara nyingi sababu haiwi moja, ndiyo ugumu wake. Kibofu, choo, mapafu, usingizi uliokatikakatika, dawa za kutuliza maumivu, kila kimoja kinasukuma kidogo. Orodha ni ndefu na sitaimaliza: sukari iliyoshuka, chumvi ya damu iliyopungua, mwili uliokauka maji, maumivu yasiyotulizwa na pia dawa nzito za kuyatuliza, vidonge vya usingizi, zile dawa za zamani za mzio ambazo watu humeza kama peremende. Na pombe. Mnywaji wa kila siku akilazwa akakatishwa ghafla, siku mbili tatu baadaye anaweza kuanza kutetemeka na kuona vitu, na asipotibiwa anaweza kufa. Kama mgonjwa wenu anakunywa, mwambieni daktari siku ya kwanza. Aibu iachwe getini.

## Miwani

Hii ndiyo inayoniuma.

Miwani ya mjomba ilikuwa kwenye begi langu, nyumbani. Niliichukua mimi mwenyewe siku ya upasuaji, isije ikapotea wodini. Nikajiona mwerevu. Mtu ambaye bila miwani hatofautishi pazia na binadamu, nilimwacha siku nne kwenye chumba asichokijua, taa zinawaka mchana na usiku, ukutani hakuna saa, sura zinabadilika kila zamu. Halafu nikashangaa ameona mauzauza.

Usiku ule wa nne nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, nikafinya macho mpaka kila kitu kikawa ukungu, nikatazama mlangoni. Taa ya korido ilikuwa inapenya chini ya mlango na kutambaa kwenye sakafu iliyopigwa deki.

Ilikuwa inameta. Inasogea, hata.

Inouye huyohuyo na wenzake walichapisha utafiti mwingine mwaka 1999, kwa wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa mambo ambayo ukiyasikia utasema hata bibi angeyasema: kukumbushwa leo ni lini na hapa ni wapi, kunyanyuliwa watembee mapema, kunyweshwa maji, kuvishwa miwani na vifaa vyao vya kusikia, na usiku kupewa kinywaji cha moto na kusuguliwa mgongo kabla ya kukimbilia kidonge cha usingizi. Katika kundi la kawaida deliriamu iliwapata asilimia 15. Katika kundi la pili, 9.9.

Lakini kwa wale ambao iliwapata hata hivyo, mambo hayo hayakupunguza ukali wake. Yanazuia. Ikishaingia, imeingia. Kwa hiyo miwani niliyoikimbilia usiku wa manane ilikuwa imechelewa siku nne.

Nilimvisha hivyohivyo.

## Mtoto juu ya kabati

Antibiotiki zilianza, mpira ukarudishwa, choo kikapatikana, lakini akili haikurudi siku ileile. Sikutarajia hilo. Nilidhani ukitoa mwiba maumivu yanakwisha hapohapo. Kwa siku tano nyingine kila jua likielekea kuzama mjomba alikuwa anamwona mtoto ameketi juu ya kabati.

Mimi nilibisha. Hakuna mtoto, mjomba, tazama vizuri. Akakasirika, na baada ya kukasirika akaogopa, maana sasa kulikuwa na mtoto na pia kulikuwa na mtu anayemficha.

Dada akachagua njia ya pili. "Naam, mjomba, namwona."

"Basi mteremshe."

Nawaambia, dada alisimama mbele ya kabati mikono juu, mbele ya wodi nzima, akimteremsha mtoto asiyekuwepo, na mjomba anamfokea kwamba anamshika vibaya, atamwangusha. Wiki hizo hatukucheka mara nyingi. Siku hiyo tulicheka, na hapohapo tukaona haya.

Yule muuguzi wa usiku alikuwa na njia ya tatu. Hakubishana juu ya mtoto wala hakumkubali. "Unaogopa ataanguka, mzee? Mimi nipo, naangalia." Akakaa kidogo, akamshika mkono, akamwambia ni Alhamisi, ni jioni, yuko hospitali, mguu unapona. Mara nyingine ilisaidia. Mara nyingine haikusaidia kitu. Nami mpaka leo sijaamua kama ile "naangalia" haikuwa uongo mdogo.

Kuna ndugu waliopendekeza afungwe mikono kitandani, kwa nia njema kabisa. Daktari alikataa. Kumfunga mtu aliye kwenye hali hiyo humwongezea hofu, na ni moja ya mambo yanayoichochea deliriamu yenyewe. Tukapanga zamu, mmoja wetu asikosekane pale usiku. Sindano nayo aliibakiza kwa wakati mgonjwa anapojihatarisha, akasema wazi kwamba humtuliza tu, haitibu. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Marekani kwa wagonjwa mahututi: haloperidoli, dawa iliyozoeleka kuliko zote kwa kazi hiyo, haikufupisha deliriamu kuliko dawa ya kuigiza, isiyo na kitu ndani yake. Nilipolisoma hilo niliikumbuka ile sindano ya usiku wa maji. Nadhani ilihitajika, maana angeuvunja ule mguu. Ila tulimtazama amelala tukaona kazi imekwisha, na hapo ndipo kazi ilipokuwa inaanza.

## Pindo

Siku ya tisa alifika Septemba. Ya kumi na moja alifika Januari, akaniuliza kama namfundisha chekechea.

Siwezi kusema yote yamerudi. Wengine hurudi baada ya siku, wengine miezi, wengine hawarudi kamili. Mjomba sasa akisimulia kisa hufika katikati akasimama, akatazama pembeni kama mtu aliyeangusha sindano, kisha huendelea na kisa kingine. Zamani hakuwa hivyo. Nasubiri.

Jumapili iliyopita nilimkuta kwenye cherehani, miwani puani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Nikamuuliza swali nililolibeba tangu hospitali. Zile siku mbili ulizokuwa kimya, ulikuwa unasikia tukiongea?

"Nilikuwa nasikia." Akafikiri. "Sauti ilikuwa yako. Uso haukuwa wako."

Akaniambia alijua tumetekwa, yeye na vitambaa vya watu, na walinzi walikuwa wanapita kila saa na taa. Aliyepiga kelele walimchoma sindano. Kwa hiyo akaamua kutopiga kelele. Alijibu walichouliza na si zaidi. "Nikajiambia, niwashonee haraka haraka. Kazi ikiisha wataniachia."

Nilikuwa na simu mfukoni, na ujumbe wangu ndani yake.

Aligeuza kitambaa, akakata uzi kwa meno.

"Nilikuwa nashona nini hasa?"

"Ulikuwa unapinda shuka."

"Pindo lilinyooka?"

"Hakukuwa na uzi, mjomba."

Akainua macho juu ya miwani, akanitazama kwa muda.

"Basi hukuangalia vizuri, mjomba."